Tupeane uzoefu: msasa laini ulikupa raha au ulikutoa machozi?

Mzee wa Randa: Leo nimepita Keko, kwa mafundi samani wa Dar, nikakuta kijana anapiga msasa kitanda cha mninga kwa kukata nyuzi, yaani kukingama na mistari ya mbao, tena namba 60 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali, ikiwa kubwa ni laini), halafu anafungua kopo la vanishi. Roho imeniuma. Vanishi ikishakauka mikwaruzo yote inajitokeza. Haya, mwageni za kwenu.

kaka_sila: Bora huyo. Wengine wanazika mbao nzima kwa fila, ile ya kuziba matundu.

Mama Kabati: Kabati langu la mbao ya mkongo fundi alipiga 80, akaruka mpaka 400, akaniambia "pitisha mkono mama." Kweli laini. Pakaza vanishi sasa! Ile 400 haifuti mikwaruzo ya 80, inaing'arisha tu. Fundi wa pili alianza upya na 120, kisha 180, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, vinyweleo vya mbao vikasimama, ilipokauka ndipo 240. Katikati ya mikono ya vanishi, 400 kwa mkono mwepesi.

Spana14: Maji kwenye mbao? Mnataka ijikunje?

Mama Kabati: Nimesema kitambaa, sijasema ndoo.

Mtu wa Gereji: Nyie na mbao zenu. Jamaa kaleta gari jeusi Ijumaa, kesho yake yeye ndiye bwana harusi. Boneti ina mkwaruzo mmoja, wa paka. Bosi akamwachia dogo mgeni msasa wa maji namba 2000 na ndoo ya sabuni, akaenda kunywa chai. Karatasi ikamdondoka dogo mchangani. Akaokota kipande kingine juu ya benchi: 120, kikavu. Kilivyokwaruza kwa sauti akajua kazi inaenda! Bosi anarudi, katikati ya boneti bati jeupe, pembeni praima, ile rangi ya chini. Dogo anachekelea: "Mkwaruzo umetoka, bosi."

kaka_sila: 😂😂😂 Nimekufa

Dada Thina: Harusi ikawaje??

Mtu wa Gereji: Tulikesha. Praima, 600 ya maji, rangi. Asubuhi wapambaji wakabandika maua kwa selotepu juu ya rangi mbichi. Walipoyabandua, yaliondoka na rangi.

Spana14: Dogo mzembe. Namba si imeandikwa nyuma ya karatasi?

Mtu wa Gereji: Kipande kilishachanwa. Namba ilibaki kwenye nusu nyingine.

Spana14: Basi bosi mzembe.

Mzee wa Randa: Tulikuwa kwenye kitanda jamani.

Mpwani Halisi: Babu yangu alilainisha miiko kwa majani makavu ya mti wa msasa. Hakujua 120 wala 400.

Dada Thina: Mbao ya kupaka rangi ya maji ishia 180 au 220. Ukiilainisha mno hainywi rangi.

kaka_sila: Uongo. Mimi nafika 400 na wateja wanarudi.

Mama Kabati: Wanarudi kudai chao 😂

Fundi Mdogo: Vumbi la mninga linanibana kifua mpaka usiku. Nalo mnalichukuliaje?

Mzee wa Randa: Barakoa, na upigie nje. Maziwa hayasaidii, usidanganywe.

Spana14: Maziwa yanasaidia bwana.

Dada Thina: Bwana harusi alilipa lakini?