Nimeuza Mark X nikanunua gari ya juu, dalali kanipiga mchana kweupe hapa Mwanza

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mpaka mwezi wa tatu nilikuwa na Mark X GRX120, ile ya cc 2500, V6, gia sita. Nyeusi. Inasukuma kwa tairi za nyuma, imelala chini kama mamba anayeota jua. Kila Jumatano natoka Nyasaka kupeleka vipuri vya mashine za boti Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari imekuwa starehe. Kilomita 3 za zege juu ya maji, habari za kusubiri kivuko zimeisha. Mafuta ilikuwa inakunywa, sikatai. Lakini ukikanyaga, unaona hela yako imekwenda wapi.

Shida ilikuwa nyumbani. Wanaokaa Nyasaka ya kule juu wananielewa: mvua ikipita, njia inabaki mawe matupu, na Mark X inakwangua tumbo mpaka mama watoto anaziba masikio. Sampo ya oili nimebadilisha mara mbili. Basi ndugu, majirani, mpaka mchungaji, wote wimbo ni mmoja: Mwanza mji wa mawe, nunua gari ya juu.

Nikaunganishwa na dalali, mzee wa heshima zake, ananiita ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma. Akaniletea gari ya juu ndogo, cc 2000, mlango wa nyuma una nembo ya 4WD inang'aa, yaani inavuta tairi zote nne. Mark X nikaiachia kwa milioni 11, nikaongeza 8. (Msije inbox kuuliza ni gari gani. Siitaji, aliyeitengeneza hana kosa.)

Mvua ya kwanza. Saa mbili usiku, nyuma kuna watoto wawili na gunia la mkaa. Nafika pale kwenye kona ya mwamba, napanda, tairi za mbele zinazunguka tu zinatupa matope, za nyuma zimetulia kama wageni waalikwa. Nikazidisha mafuta. Gari ikaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kuelekea ukuta wa jirani ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani. Nilivuta hendibreki mpaka mkono ukauma. Vijana wa bodaboda wakaja kusukuma. Tuko Usukumani, sawa, lakini si kwa staili hii! Mmoja akaniuliza, "Bro, si ulikuwa na Mark X wewe?" Sikumjibu.

Kesho yake nikaipandisha kwenye shimo la fundi. Propela shafti ya kupeleka nguvu tairi za nyuma hakuna. Difu ya nyuma ya kuzigawia nguvu hiyo hakuna. Chini kweupe, ni bomba la moshi tu. Ile nembo imebandikwa kwa gundi, fundi kaichomoa kwa kucha nikiwa namwangalia. Na ujinga wangu nausema: haya mambo yameandikwa kwenye kibati cha chesesi. Chukua mfano wa RAV4: ACA31 inavuta tairi zote nne, ACA36 ni za mbele tu, na zikipaki pamoja kwa macho hutofautishi. Mimi nilipima urefu wa gari, kibati sikukisoma.

Haijaisha. Gia boksi yake ni CVT, ile isiyo na gia za kuhesabu, ina mkanda wa chuma unaotembea kwenye puli mbili. Inataka oili yake maalumu. Kwenye dashibodi nimekuta risiti ya gereji aliyonipeleka mzee huyo huyo kwa ajili ya "sevisi ya bure": ATF, lita 4. ATF ya kawaida, wakuu, oili ya gia boksi za otomatiki zenye gia za kuhesabu! Ndiyo maana ikipanda mlima wa pili inachemka, inatetemeka, kisha inajipunguzia nguvu yenyewe. Barabara ya Usagara nataka kulipita lori, injini inalia kama mashine ya kusaga, mwendo uko palepale. Darajani nako upepo wa ziwa ukinipiga ubavuni nashika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa navuka pale kwa mkono mmoja, mwingine nakula karanga.

Wenye uzoefu naomba msaada: CVT iliyotiwa ATF ikatembea kama kilomita 900 hivi, nikiimwaga na kuweka oili sahihi mara mbili tatu inapona? Au nianze kutafuta gia boksi ya mtumba? Fundi mmoja anasema inapona, mwingine kaniangalia kama mfiwa.

Na wewe mzee, najua vijana wako wanasoma humu. Simu yangu hupokei siku ya tisa leo. Jumamosi asubuhi nitakuja palepale unapokunywa uji, nitapaki gari mbele ya wateja wako wote, na nembo yako ya 4WD ninayo mfukoni.