Steshenari wamefuta toni zote za kamusi yetu, halafu wanadai hela

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi na wenzangu wawili hapa Mwanza tuna mwaka wa tatu tunaunda lugha yetu. Tumeipa irabu saba, maana wote tumekulia kwenye Kisukuma chenye irabu saba, na toni mbili, yaani sauti ya juu na ya chini zinazobadili maana ya neno. Ya juu tunaiwekea kistari juu ya irabu. Wiki iliyopita tulipeleka kamusi yetu, kurasa 46, kwenye steshenari moja mjini watutolee nakala kumi. Jana tumezifuata. Hakuna kistari hata kimoja! Na kila ɛ imegeuzwa e.

Lugha inaitwa Sɛ́ba, yaani maji ya ziwa. Jalada linasema Seba. Kwetu seba ni kidonda. Mésa ni nyavu, mesá ni kulia, mesa ni dagaa. Sasa ni neno lilelile limepangwa mara tatu, msomaji achague mwenyewe.

Kijana wa kompyuta ananijibu, "Nilidhani ni uchafu wa faili, nikausafisha." Uchafu! Tena eti mbona Kiswahili hakina vistari na tunaelewana. Ndugu yangu, Kiswahili hakina toni. Mkazo wake unajulikana, silabi ya pili kutoka mwisho, na bado barabara ya magari na barábara ya sawasawa huwezi kuzitenga kwenye karatasi mpaka usome sentensi nzima.

Najua shida ilipoanzia. Kwenye kompyuta á ina namba yake, ila ɛ́ haina: unaandika ɛ, kisha alama inafuata peke yake. Fonti isiyoijua inaitupa pembeni au inaleta kiboksi. Sasa si unipigie simu? Waesperanto, watumiaji wa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa na Zamenhof, wasiokuwa na mashine ya kuandika ĉ yake waliandika cx, na herufi haikupotea. Láadan, lugha nyingine ya kubuniwa, ya mwandishi Suzette Haden Elgin, iliyoanza 1982, inaweka kistari hichohicho kwa toni ya juu. Hatukubuni pambo.

Ningeambiwa, ningewaletea faili lenye fonti ndani yake, lisilohitaji kuguswa na mtu.

Nusu nilishalipa. Wanataka iliyobaki. Siwapi hata mia, na nakala zao nimeziacha palepale mezani. Mwenye kumjua mchapaji, iwe Kirumba, iwe Igoma, anayechapa kitu kama kilivyoletwa, anielekeze leo.