Yule kocha wa jimu aliyenipigia filimbi mbele ya watu, leo kanivunjia heshima!

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono inatetemeka. Jina silitaji, mnamjua: fulana ya kubana, filimbi shingoni, anapiga kelele mpaka abiria wa kituo cha daladala wanaanza kuruka kichurachura.

Jioni hii kanipandisha kwenye mzani na viatu vyangu, nimetoka kunywa chupa ya lita moja na nusu. Katazama namba, KAPULIZA FILIMBI, kasema: "Dada, umepanda kilo mbili! Umemeza tofali?" Darasa zima likaangua kicheko. Tofali! Mimi!

Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu hiyo, mtoto wa shule ya msingi anajua. Na jana nilikuwa kwenye shughuli, nimekula pilau na achari. Chumvi inashika maji mwilini. Wanga nao unawekwa akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na gramu kama tatu za maji. Juzi huyohuyo katuchuchumaza na vyuma mabegani mpaka ngazi tukashuka kinyumenyume. Misuli iliyoumia inavimba, inavuta maji. Wanawake wenzangu, siku zikikaribia mnajua mwili unavyojaa. Yote hayo yanakuja na kuondoka yenyewe. Halafu mtu anapuliza filimbi, umemeza tofali!

Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Kuongeza mafuta kilo mbili kwa usiku mmoja ningehitaji zaidi ya kalori 15,000 juu ya chakula changu cha kawaida. Ningemaliza sufuria zote, nikaanza maturubai!

Kinachonichoma zaidi: nilipoacha ugali wa usiku, kilo za mwanzo zikashuka chapuchapu, akapiga picha na mimi akairusha stetasi kwamba ni kazi yake. Zile nazo sehemu kubwa zilikuwa maji! Maji yakishuka ni ukocha wake, yakipanda nimemeza tofali.

Mtu anapimwa asubuhi, katoka msalani, hajala, mzani uleule, kisha unaangalia wastani wa wiki. Siyo jioni mbele ya kadamnasi! Nataka aniombe radhi mbele ya walewale waliocheka.

Dagaa Mchele: Pole dada. Ila pilau sahani ngapi? Hapo umeparuka.

Mama Wawili: Mimi aliniuliza mbele ya watu mimba ina miezi mingapi. SINA MIMBA.

Kalamu Butu: Kumbe yule wa filimbi! Mbona kitambi chake nacho kimeanza kuchungulia?

Sindano Taratibu: Mimi nesi. Mtoa mada yuko sahihi, kilo moja au mbili kupanda na kushuka ndani ya siku ni kawaida. Wa kuwahi hospitali ni yule anayepanda haraka huku miguu inavimba na pumzi inakata.

Dagaa Mchele: Nesi, na sahani ngapi ndiyo kawaida?

Fundi Bomba: Mnalilia mzani wa jimu? Njooni bucha la huku kwetu. Kilo yake ukiipima upya nyumbani ni robo tatu, na mfupa umo.

Kalamu Butu: Hapo umegusa, mkuu. Angalia kama mzani wake una stika ya Wakala wa Vipimo.

Fundi Bomba: Stika anayo, ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado nina nywele.

Mama Wawili: Na gesi je? Mtungi wa kilo 6 ulikuwa unanifikisha mwisho wa mwezi, sasa maharage hayajaiva umeshakata.

Mtoa mada: Jamani, turudini kwenye mada! Mtu kaniambia nimemeza TOFALI!

Fundi Bomba: Mama Wawili, mtungi uliupima uliponunua? Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa palepale juu, unatoa hapo.

Mama Wawili: Nipime na nini? Muuzaji hana mzani, anaunyanyua kwa mkono mmoja anasema "huu umejaa, mama".

Kalamu Butu: Ngoja. Yule mwenye bodaboda nyekundu?

Mama Wawili: HUYOHUYO!

Dagaa Mchele: Kaniletea mtungi jana. Fungueni uzi wake, nakuja na ushahidi.