Nimesimika mfumo zahanati 14 kwa mwezi, manesi bado wanaandika daftari. Nifanyeje?

NesiWaSakina
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, nimefanya leba miaka sita. Mwaka jana niliacha nikajiunga na kampuni changa hapa Arusha, inatengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa, dawa na malipo kwa zahanati. Nilikuta watu 11, chumba kimoja Kijenge juu ya duka la vipuri. Leo tuko 58, wengine hata majina siwajui.

Kazi yangu ni kufundisha watumiaji. Mwanzoni nilikuwa nakaa kituo kimoja wiki mbili: mapokezi, chumba cha daktari, dirisha la dawa, mpaka nione nesi anamwandikisha mjamzito bila kugeuka kuniangalia. Sasa napewa siku mbili. Wawekezaji wanataka idadi, kila Ijumaa tunaulizwa vituo vingapi vimewashwa. Mwezi uliopita niliwasha 14, Usa River mpaka Longido. Nikapigiwa makofi kikaoni, na nilifurahi kweli.

Juzi nikapita zahanati mojawapo bila kuwapa taarifa. Tableti moja iko kabatini, haijatolewa hata nailoni. Nesi yuko peke yake, foleni ya kliniki ya watoto imefika nje kwenye mti, anajaza MTUHA, yale madaftari ya serikali ya taarifa za wagonjwa, kwa mkono. Tableti ya pili anaondoka nayo jioni, anaingiza majina yote usiku nyumbani watoto wakishalala. Nywila ni moja ya kituo kizima, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kava. Akaniambia, "Dada, si mlisema mtatupunguzia kazi?" Nilikosa jibu. Nimelala nalo siku tatu.

Mshahara ni karibu mara mbili ya wodini, na kuna mdogo wangu namsomesha. Nimwambieje bosi anielewe? Au nirudi zangu leba?

Mkodi_Pasua
Pole dada. Mimi niko Moshi, nimeandika mifumo ya aina hiyo. Usiende kwa bosi na masikitiko, nenda na saa. Mfumo wenu lazima unatunza muda wa kila ingizo. Mwombe mtu wa data akutolee saa ambazo wagonjwa wameandikishwa kwenye vile vituo 14. Zahanati inafunga saa tisa na nusu alasiri; ukikuta wagonjwa wanaingia saa nne usiku, hayo ndiyo yale uliyoyaona, tena kwa maandishi. Halafu pendekeza Ijumaa muulizane wangapi wameandikishwa kabla ya saa sita mchana.

Mfawidhi Karatu
Mwanangu, usirudi leba kwanza. Waliokuja kwangu kusimika mfumo hakuna hata mmoja aliyewahi kushika partografu, ile chati ya kufuatilia mama mwenye uchungu.

Daftari hatuliachi kwa sababu ripoti ya mwezi inayokwenda halmashauri inatoka humo. Nikikosea hesabu naulizwa mimi, kampuni haiulizwi. Mfumo wenu uweze kutoa ripoti ile ile, tuilinganishe na daftari miezi mitatu, ikilingana nitawaachia manesi wangu wapumue. Na ufanye kazi mtandao ukikatika, maana huku unakatika kila mvua inaponyesha. Siku mbili hazitoshi hata kujua nani yuko likizo.

Wakili wa Mianzini
Naongeza moja tu, ile tableti ya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Nywila moja kwa kituo kizima maana yake hakuna anayejua nani kafungua faili la nani. Mwandikie bosi hilo kwa barua pepe, lisibaki la mdomo. Usimtaje nesi wala kituo, yeye ndiye mnyonge hapo.

NesiWaSakina
Asanteni sana. Nimepata zile saa. Vituo 9 kati ya 14 vinaandikisha usiku, kimoja mpaka saa saba. Nimeiangalia ile orodha nikalia, maana wote hao nimewafundisha mimi.

Barua pepe nimetuma bila jina la mtu. Naonana na bosi Jumatano saa nne asubuhi. Naomba vitu viwili: kila mtumiaji na nywila yake, na wiki mbili kwa kila kituo, hata kama mwezi huu nitawasha vitatu tu.

Shikamoo mama wa Karatu. Akikubali, naomba nianzie kwako. Kliniki ya watoto kwenu ni siku gani?

Mfawidhi Karatu
Marahaba. Jumanne na Alhamisi. Njoo Jumatatu, ulale, asubuhi tufungue wote.