Baiskeli yangu imebebwa na gemeente (halmashauri ya mji) hapa Uholanzi nikiwa likizo Tanga

Kutoka: Mwanatanga

Salaam kwenu wote. Msaada jamani, na naomba anijibu mwenye kujua, si mwenye kudhani.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani. Nashuka stesheni na masanduku, naangalia vyuma nilivyofungia baiskeli, hakuna kitu. Si yangu tu, safu nzima imesombwa. Kumbe nilipokuwa sipo gemeente walibandika vikaratasi kwamba baiskeli zilizokaa muda mrefu zitaondolewa. Sasa mimi kikaratasi hicho ningekisomea wapi, Raskazone? Nikaingia kwenye tovuti ya depo wanakozipeleka, nikaandika rangi na aina, ikatokea. Ni yenyewe, na kiti cha mtoto bado kipo. Wameiandikisha kama weesfiets, yaani baiskeli yatima.

Nikaenda. Kijana wa dirishani anataka risiti. Risiti naitoa wapi, wakati niliinunua Marktplaats, lile soko la mtandaoni, kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, pesa taslimu mkononi? Ufunguo ninao, lakini mmoja tu, na kufuli lenyewe wamelikata. Framenummer, namba ya fremu, imeliwa na kutu. Nilichobaki nacho ni picha kwenye simu: mwanangu amekaa nyuma anacheka, baiskeli inaonekana yote. Kijana kasema picha si ushahidi. Nikapiga simu, mama mmoja akaniambia picha yatosha. Nani mkweli? Kuna aliyewahi kutoa baiskeli depo kwa picha tu? Mji siutaji, wamo humu wanaofanya kazi pale.

Kutoka: Fundi Cheni

Pole sana dada. Mimi yangu ilibebwa kipindi cha korona, na niliitoa bila risiti wala picha. Siri ni hii: nikinunua baiskeli yoyote, kitu cha kwanza nachomoa kiti, nakunja karatasi yenye jina langu na simu yangu, naisukuma ndani ya bomba, narudisha kiti. Nilipofika depo nikamwambia yule bwana, fungua kiti hicho. Akafungua. Akavuta karatasi. Akaninyamazia, akanipa fomu nilipie.

Fanyeni hivyo nyote. Karatasi ifungeni na nailoni kwanza, maana maji yanaingia.

Kutoka: Mwanatanga

Ahsante kaka, ila yangu imo depo tayari. Siwezi kwenda kuingiza karatasi kule.

Kutoka: Mama wa Bakfiets

Yaani nchi hii! Dada pole, mimi nina yangu ya wiki iliyopita na bado nina hasira. Natoka kumchukua mtoto muziki, saa kumi na moja jioni, giza la Novemba mnalijua. Taa ya mbele inawaka. Ya nyuma nimeivaa kwenye mkono, zile za kubana kwa mpira. Polisi wawili wamejificha kwenye kona ya daraja, wananisimamisha mbele ya watoto. Eti taa ya mkono haihesabiki! Inawaka nyekundu, inaonekana toka Rotterdam, haihesabiki! Sasa nangoja bahasha. Naomba mwenye mfano wa barua ya bezwaar, ya pingamizi, anitumie, nibadilishe jina tu.

Kutoka: Mzee wa Zwolle

Mama wa Bakfiets, usimpoteze mwenzio. Hayo ni mambo mawili na njia zake mbili. Faini ya barabarani inatoka CJIB, ofisi ya kukusanya faini kule Leeuwarden, na pingamizi lake ni beroep (rufaa) kwa officier van justitie, mwendesha mashtaka. Bezwaar anaandikiwa gemeente, nayo ndiyo ya kesi ya Mwanatanga, kwa sababu aliyeibeba baiskeli ni gemeente kwa APV yao, sheria ndogo za mji. Zote muda wake ni wiki sita, lakini ukiipeleka dirisha lisilo lake unajipotezea muda mwenyewe.

Na askari yuko sahihi. Taa unaruhusiwa kuvaa kifuani au mgongoni, si kichwani, si mkononi, si mguuni. Na isiwe ya kumwekamweka. Haya yameandikwa miaka mingi, hayakuanza na wewe. Faini ilipe. Ukichelewa wanaongeza, ukichelewa tena wanaongeza zaidi. Nimewaona vijana wa Kitanzania wakiitupa bahasha ya CJIB kwenye droo kana kwamba ni tangazo la pizza.

Kutoka: Mama wa Bakfiets

Shikamoo Mzee, na ahsante kwa somo. Sikusema sitalipa. Nimesema nina hasira.

Kutoka: Mkisumu

Mimi nilishikwa na simu. Naangalia tu ramani, sijapiga, sijaandika ujumbe. Tangu hiyo sheria ianze, hata kuuliza njia ni dhambi. Kisumu mtu anabeba abiria nyuma, gunia mbele, simu begani, na anakupitisha Kondele kwa usalama. Bado sijamwambia wife bei.

Kutoka: Mzee wa Zwolle

Sheria ilianza Julai 1, 2019. Inakataza KUSHIKA simu ukiwa unaendesha. Ukiiweka kwenye kishikio cha usukani unaruhusiwa kuangalia ramani. Kishikio duka la Action ni bei ya soda mbili.

Kutoka: Mkisumu

Mzee, hukosekani. Hata nikipiga chafya utanipa kifungu.

Kutoka: Mwanatanga

Samahani, turudi kidogo. Mzee, hiyo bezwaar nikiandika, wanasimamisha saa? Nasikia baada ya muda fulani wanaziuza. Nisije nikashinda kesi baiskeli ishauzwa. Na swali la picha bado.

Kutoka: Mzee wa Zwolle

Haisimamishi, binti yangu. Bezwaar haizuii uamuzi kutekelezwa. Andika kabla wiki sita hazijaisha, haina ada, lakini hiyo ni ya kudai kwamba hawakuwa na haki ya kuibeba au kukutoza. Haitakurudishia baiskeli kesho. Kwanza itoe, ulipe, weka stakabadhi, halafu gombana nao. Muda wa kuihifadhi kila gemeente ina wake, soma APV yenu au wapigie. Kama Kiholanzi cha barua kinakutisha, Juridisch Loket, ofisi ya ushauri wa sheria, wanakusikiliza bure.

Kutoka: Fundi Cheni

Sasa Mzee ataitoaje bila ushahidi? Ndilo swali lake.

Kutoka: Mzee wa Zwolle

Nimejibu nilichoulizwa.

Kutoka: Dada wa Utrecht

Mimi sielewi kwa nini watu bado wanafunga nje. Hapa Utrecht chini ya stesheni kuna nafasi 12,500, wamemaliza kuijenga 2019, saa 24 za mwanzo bure, unachanja kadi yako ya OV, ya usafiri, unaingia hukohuko umepanda. Amsterdam nako tangu 2023 wana ile ya chini ya maji ya baiskeli 7,000.

Kutoka: Mwanatanga

Dada, saa 24 za mwanzo bure, na zinazofuata? Likizo ya Tanga si ya saa 24. Ningelipa kila siku kuanzia natoka mpaka narudi, ningenunua nyingine.

Kutoka: Fundi Cheni

Na ndani pia kuna kikomo cha kukaa, wanazitoa vilevile. Likizo ndefu mpe rafiki akuwekee uani. Mwaka jana nilihifadhi za watu wengi mpaka mwenye nyumba akanitumia barua.

Kutoka: Mzalendo wa Ngamiani

Tanga mmeitaja nikashindwa kupita. Nani mwingine wa Ngamiani humu? Mie wa Barabara ya Kumi na Nne. Vijana wa siku hizi wanadhani baiskeli wameijulia Uholanzi. Sisi tumezaliwa juu ya baiskeli! Baba alikuwa na Swala, ile iliyotengenezwa Dar, chuma kizito, dinamo inalia kama cherehani. Mimi nakaa kwenye bomba, mdogo wangu nyuma kwenye keria, mama anatembea maana hakuna nafasi. Ikifika Ijumaa baba anaipaka mafuta ya nazi kwenye spoki, sijui ya nini, ila ilikuwa inang'aa.

Na gemeente tulikuwa nayo, mnakumbuka? Kibati cha kodi ya baiskeli. Huna kibati, mgambo anakushusha.

Kutoka: Mwanatanga

Mie wa Makorora, kaka. Mwezi uliopita nimepita hapo Ngamiani, bodaboda zimejaa, lakini wazee na baiskeli zao bado wapo, na akina mama pia. Mwuza samaki wetu anazunguka nayo mpaka leo, tenga nyuma, kengele anapiga kwa kidole gumba. Nilimpiga picha nikijua nitawaonyesha huku.

Kutoka: Mkisumu

Nyinyi mna bahati. Nairobi kaunti iliandika sera 2015, wakaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. 2022 ikafunguliwa Expressway, barabara ya magari ya kulipia. Niambieni baiskeli inapita wapi. Wale jamaa wa Critical Mass wanajitokeza na msafara wa baiskeli kila mwezi kuonyesha kwamba wapo, madereva wanawapigia honi. Na wengi wanaotoka Kibera kwenda Industrial Area kwa miguu hawana hata hiyo baiskeli. Hiyo pesa iliyoahidiwa nani aliila? Tunajua. Tunawapigia kura tena.

Kutoka: Dada wa Utrecht

Lakini Waholanzi nao hawakuzaliwa na njia hizi nyekundu za baiskeli. Mwaka 1971 barabara ziliua watu kama 3,300 hapa, zaidi ya 400 kati yao watoto. Wazazi wakaingia barabarani na bango la "Stop de Kindermoord", acheni kuua watoto, na mafuta yakapanda bei 1973, serikali ikafunga magari Jumapili. Walilala barabarani, kweli kweli, na baiskeli zao. Sisi tunaandika kwenye vikundi.

Kutoka: Mkisumu

Lala wewe Thika Road tukuone.

Kutoka: Mzalendo wa Ngamiani

Dar wapo UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wanafanya misafara na kudai njia miaka mingi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 kuna sehemu waliweka njia ya baiskeli pembeni. Sasa angalia kilichopangwa juu yake: mihogo ya kukaanga, pikipiki, na gari la mheshimiwa anayekula mihogo.

Kutoka: Baba Rehema

Mmesahau Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yamefanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na ni Rwanda, jirani yetu. Pogačar mwenyewe, yule bingwa, amepanda vile vilima. Pale barabara ni safi, taa zipo, rushwa ni kidogo. Viongozi wetu wajifunze.

Kutoka: Mtu wa Goma

Bandugu, hapo siwezi kunyamaza. Wakati munashangilia barabara safi, sisi mji wetu ulichukuliwa Januari mwaka huohuo na M23, waasi wanaosemwa kusaidiwa na Rwanda. Mama yangu iko kule. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, na ng'ambo ya mpaka watu walikuwa wanapiga picha za baiskeli. Mimi pia napenda mbio, nilikuwa naangalia Tour du Rwanda kila mwaka. Mwaka huo nilizima televisheni.

Mukitaka baiskeli ya kwetu, njooni muone chukudu. Mbao tupu, magurudumu mawili, haina pedali wala cheni, na inashuka toka mashambani na magunia ya viazi na makaa. Mwenye chukudu analisha watoto, anajenga nyumba. Sanamu yake iko katikati ya mji.

Kutoka: Baba Rehema

Ndugu, nimezungumzia michezo. Siasa umeileta wewe.

Kutoka: Mtu wa Goma

Umesema "viongozi wajifunze". Hiyo ni michezo gani?

Kutoka: Msimamizi

Nawaomba wote wawili. Mtu wa Goma, pole na ya nyumbani, tunamwombea mama. Baba Rehema, hoja yako imefika. Mambo ya Kigali yanaishia hapa, atakayeendelea nitamwondoa kwa wiki moja, na safari hii sitajali ni rafiki yangu. Mada ni baiskeli ya Mwanatanga.

Kutoka: Mama wa Bakfiets

Bahasha imefika. Sitaki kusema kiasi. Wameongeza na ada ya utawala, eti gharama za kunitumia hiyo bahasha. Mimi ndiye niwalipie stempu!

Kutoka: Mzee wa Zwolle

Ada hiyo ipo kwenye kila faini. Unaweza kulipa kwa mafungu, angalia nyuma ya barua, unaingia kwa DigiD, kitambulisho cha mtandaoni.

Kutoka: Fundi Cheni

Mwanatanga, nimemuuliza shemeji yangu aliyewahi kuwa depo ya mji mwingine. Anasema wao walikuwa wanakubali ufunguo ukiingia kwenye kufuli. Lako limekatwa, lakini kufuli la kubana gurudumu la nyuma hubaki kwenye fremu hata likikatwa. Kama ndilo hilo, waambie waujaribu ufunguo kwenye tundu lake.

Kutoka: Mwanatanga

Lilikuwa la mnyororo.

Kutoka: Fundi Cheni

Aah.

Kutoka: Dada wa Utrecht

Jamani, Jumapili. Tunakutana saa nne, nyuma ya stesheni. Tunafuata mto Vecht mpaka Breukelen na kurudi, upepo wa kusini-mashariki kwa hiyo kurudi ndiko tutakakolia. Nani analeta vitumbua? Mara ya mwisho wote mlileta ndizi.

Kutoka: Mwanatanga

Mimi nitakuja kwa treni nikodi OV-fiets, baiskeli ya stesheni, kama mtalii. Vitumbua nitaleta mimi.

Kutoka: Mzalendo wa Ngamiani

Mtanga mwenzangu usikodi, nina ya ziada bandani, ya mke wangu, kiti nitakushushia. Tyubu ya nyuma inavuja kidogo kidogo. Mwenye pampu ya valvu ya gari aje nayo, yangu ni ya hizi za Kiholanzi na haziingiliani.