Mrejesho: vifungio vya skii za kupandia mlima, buti zaidi ya moja

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kufunga vifungio vya pini (vile vinavyoshika buti kwa pini mbele na nyuma) ili buti langu na la mdogo wangu yote yaingie kwenye jozi moja ya skii, mbao za kutelezea kwenye theluji (tuko Innsbruck, Austria, bei mnazijua). Asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema nisihangaike kupima kwa futi kamba, nisome urefu wa soli ulioandikwa ubavuni karibu na kisigino: langu milimita 307, la mdogo wangu 293. Kipande cha mbele cha kifungio hakisogei, kwa hiyo fundi alitoboa skii kwa kipimo cha 300, katikati ya hizo mbili. Kila buti linapishana na alama kwenye skii ya kuweka katikati ya buti kwa milimita 3.5 tu, mguu hata hauhisi. Cha nyuma unazungusha skrubu, kinateleza kwenye reli hadi nafasi nyuma ya kisigino ibaki milimita 4 (hiyo ni kwa modeli yangu, someni yenu). Tukibadilishana tunarekebisha na namba ya kuachia mguu (nguvu inayofanya kifungio kiachie buti ukianguka), maana dogo ni mwepesi. Hilo msiliruke.

Kilichogoma ni buti la shemeji, soli milimita 268. Reli iliisha kabla ya kulifikia. Bati la kurefusha reli lipo, ila ni uzito na matundu mapya, kwa hiyo yeye anakodi.