Vespoli ya Marekani: kocha akitengeneza mashua za mashindano kuna tofauti gani?

mfuatiliaji
Wakuu habari zenu. Siku hizi naangalia sana mashindano ya kupiga makasia, zile mashua nyembamba za watu nane, nikakutana na kampuni inaitwa Vespoli iko New Haven, Connecticut. Mwanzilishi Mike Vespoli alikuwa mpiga makasia mwenyewe kisha akawa kocha. Sasa mi najiuliza, mashua si hesabu za mainjinia tu? Ukocha unaongeza nini hapo au ni maneno ya biashara?

kasia_moja
Si maneno ya biashara mkuu. Jamaa alishiriki Olimpiki ya Munich 1972, halafu 1974 kule Lucerne, Uswisi, alikuwemo kwenye mashua ya watu nane ya Marekani iliyobeba ubingwa wa dunia, baadaye akafundisha chuo kikuu cha Yale na kampuni akaianzisha 1980. Kocha kila siku anahangaika na uzito wa watu wake. Weka vijana wa kilo 70 kwenye mashua iliyochorwa kwa majitu ya kilo 90, inaelea juu mno, inayumba, upepo wa ubavuni unaichezea unavyotaka, na ukiweka wazito kwenye mashua ndogo inazama kupita kiasi, maji yanaishika mwili mzima na msuguano ndo adui mkubwa pale. Ndo maana umbo moja linatolewa saizi kadhaa kama viatu.

mzee_wa_resini
Injinia nae msimdharau jamani. Sheria za World Rowing, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinasema mashua ya watu nane isipungue kilo 96, ya mtu mmoja kilo 14, kwahiyo hata ukipata kaboni nyepesi vipi, ukishafika hapo wepesi haukusaidii tena. Vita inahamia kwenye ugumu. Mtu akivuta kasia halafu mwili wa mashua ukajipinda, au kile chuma cha pembeni kinachobeba kasia kikacheza, nguvu yake imeishia humo humo. Nyuzi za kaboni zilazwe upande gani, resini (ile gundi inayozishika) iwe kiasi gani, hayo kocha na saa yake mkononi hayaoni.

mfuatiliaji
Nimekupata. Na lile dude la mita 17 na ushee linasafirishwaje??

kasia_moja
Nyingi zinakuja vipande viwili mnazifunga na bolti mkifika majini.
Ila turudi kwenye ukocha maana kuna kitu hamjakigusa. Kocha akitaka kujua kati ya watu wawili nani anasukuma mashua zaidi, anashindanisha mashua mbili, kisha anawabadilisha mashua hao wawili tu, wengine wote wanabaki walipo, mbio zinarudiwa, anaangalia pengo limehamia upande gani. Sasa hebu fikiria kama mashua zenyewe hazifanani, utajuaje aliyeshinda ni mtu au mashua? Za mbao zilikuwa zinaundwa moja moja kwa mkono, lakini za kaboni zinatoka kalibu moja. Kocha anaielewa faida hiyo kabla hata hujamwonyesha mchoro.

mzee_wa_resini
Hiyo ya kalibu nakupa mkuu. Ila kalibu nayo nani kaichora? 😂